Mizani na Salamu Zangu

Wiki ile watu wa Lusungo walinipa hongera, na kila hongera iliniuma. Mama muuza maandazi pale kwenye geti la kituo aliniongezea mawili juu ya yale niliyoagiza, akasema, "Chukua, mwanangu. Wewe ndiwe uliyeona." Nikayachukua. Nikayala pia, ndilo balaa lenyewe.

Kuona niliona. Siku ya Jumanne, saa mbili na dakika kumi na nne asubuhi, niliona gesi ikipanda katika Bonde la Tatu, nikasema kwa mdomo wangu, "Gesi inapanda Bonde la Tatu. Tupige king'ora." Imerekodiwa. King'ora kikalia saa mbili na dakika ishirini. Katika hizo dakika sita Lusajo, fundi wa vali, alikuwa amepiga magoti bondeni akikaza nati, na hewa ikawa inamwishia bila yeye kujua. Hakufa. Sasa anatembea akishika ukuta, na ukimuuliza jina la mtoto wake anatabasamu kwa adabu, anasema atakumbuka sasa hivi.

Lawama ilimwangukia Ambakisye, mwenzangu wa zamu. Sifa zikaniangukia mimi, Sekela. Na katika kituo kizima ni mimi peke yangu niliyejua dakika zile sita zilitoka wapi.

Ngoja nieleze toka mwanzo, maana nikianza kujitetea sitamaliza.

Kituo chetu kimechimba visima kumi na kimoja milimani. Mvuke unaotoka ardhini unazungusha mitambo, na umeme wake unafika hadi ng'ambo ya mpaka. Lakini ardhi hiyohiyo inatoa gesi nzito, isiyo na rangi wala harufu, inayotambaa chini na kulala mabondeni. Ng'ombe akishuka kunywa maji siku mbaya, hapandi tena. Ndiyo maana tupo sisi wasikilizaji, wawili kila zamu, tukikaa mbele ya ukuta wa namba za vihisio mia nne vilivyofukiwa kila bonde.

Zamani msikilizaji yeyote aliweza kupiga king'ora. Kikapigwa mno. Mwaka mmoja vijiji tisa vilikimbizwa juu mara thelathini, bibi mmoja akavunjika nyonga, wajawazito wawili wakajifungulia njiani, na mwishowe watu wakawa wanakisikia kikilia na wanaendelea kupalilia. Ndipo ikaletwa Mizani.

Mizani haisomi gesi. Inatusoma sisi. Ukisema "hatari," inapima sauti yako, inapima mapigo ya moyo kupitia bangili ya mkononi, halafu inatoa uzito wa wasiwasi wako kuanzia sifuri hadi mia. Ukivuka sitini, king'ora kinalia chenyewe. Ukiwa chini ya hapo, mwenzako anaamua: piga, au ngoja. Mtu anaweza kukosea namba, walituambia walioileta, lakini akiwa na hofu ya kweli mwili wake hauwezi kuificha.

Sasa, ili ijue hofu yako, sharti kwanza iujue utulivu wako. Wataalamu walitaka kila asubuhi tukae nusu saa tumefungwa nyaya kichwani. Tukagoma. Mmoja wao, kijana mwerevu tu wala simlaumu, akagundua kwamba hakuna zamu inayopokewa kwetu bila watu kusalimiana, na sisi hatusalimiani kwa haraka. Za asubuhi, za nyumbani, watoto, wagonjwa, mvua, shamba. Dakika mbili, wakati mwingine tatu. Sauti ya mtu anayesalimia, akasema, ni sauti ya mtu asiye na neno moyoni. Tangu hapo Mizani hutegwa kwa salamu. Mnasalimiana, inasikiliza, inaandika: huyu akiwa shwari yuko hivi.

Wazo zuri sana. Lilimfaa kila mtu isipokuwa mimi.

Mimi salamu nilizisomea. Nilipokuwa na miaka saba mama alichoka kuambiwa na wageni kwamba binti yake ana kiburi, akawa ananikalisha jikoni kila jioni na kunifundisha. Sauti ipande kwenye "za nyumbani." Meno yaonekane kwenye "watoto." Mtazame mtu machoni, hesabu tatu, kisha tazama pembeni. Nikafaulu. Nimefaulu mpaka leo, ila nikisalimia moyo wangu unapiga mia moja na kumi na nane kwa dakika, na jasho linanitoka mgongoni. Nikishakaa mbele ya namba, ambazo hazitaki tabasamu langu, unashuka hadi sabini.

Miaka miwili kabla ya haya, daktari mmoja Dodoma aliniambia jina la jambo hilo. Usonji. "Si ugonjwa," akasema. "Ndivyo ubongo wako ulivyoumbwa." Nilitoka pale nikalia kwa raha kituo cha basi, watu wakanipa pole wakidhani nimefiwa. Halafu Januari ikaja na fomu ya kila mwaka ya wasikilizaji. Swali la kumi na moja: Je, una hali yoyote ya mwili au ubongo inayobadili namna unavyoonyesha hisia zako? Ukijibu ndiyo, unatolewa ukutani kwa wiki tatu, Mizani itegwe upya kwa ajili yako. Kwenye karatasi ni wiki tatu. Ipyana, msikilizaji mwenzetu, aliandika ndiyo kwa sababu ya kigugumizi, na mpaka leo, mwaka wa tatu, yuko ghalani anabandika lebo kwenye mawe ya visima. Nikaandika hapana. Januari iliyofuata nikaandika tena.

*

Jumanne ile tulipokea zamu saa moja kamili.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Umeamkaje?"

"Salama kabisa, sijui wewe!"

"Sisi tupo. Za nyumbani?"

"Njema tu! Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, ila yule mdogo kameza kifungo cha shati. Tunakisubiri."

Nikacheka mara mbili, ha-ha. Kwa habari za watoto huwa ni mbili.

"Na wewe na salamu zako," Ambakisye akasema huku anavua koti, "utadhani mtangazaji wa redio yuko arusini."

Kioo cha Mizani kikaandika kwamba wasikilizaji wametegwa. Nikaenda chooni, nikaegemeza paji la uso ukutani mpaka jasho la mgongoni lilipokauka, nikarudi kazini. Hivyo ndivyo nilivyoianza kila siku kwa miaka minne, na Ambakisye hakuwahi kuniuliza chooni nafuata nini. Yeye ni mtu wa maneno mengi lakini ana adabu yake.

Saa mbili na dakika kumi na nne nikaona namba za Bonde la Tatu. Zilikuwa bado chini ya mstari mwekundu, ila zilipanda kwa mpangilio niliowahi kuuona mara moja tu, miaka mitatu nyuma: mbili juu, moja chini, mbili juu. Nikasema nilichosema. Ambakisye akageuka, akatazama namba, kisha akatazama Mizani. Uzito ulikuwa kumi na tisa. Chini yake paliandikwa: Msikilizaji ametulia kuliko kawaida yake.

"Mbona ziko ndani ya mstari bado?" akauliza.

"Zitatoka."

"Mizani inasema umetulia, Sekela. Yaani umetulia kuliko ulipokuwa unaniulizia watoto."

"Kaka, piga."

"Tuzipe dakika chache tuone. Wiki iliyopita tumewakimbiza bure, wenye mahindi yao wametutukana mpaka bibi zetu." Akabonyeza ngoja.

Nikamwambia tena piga. Nikamwambia mara ya tatu. Sauti ileile. Mimi nikiogopa kweli sauti yangu inanyooka na uso unakauka, ninakuwa kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Mkononi nilikuwa nimeikunja pembe ya karatasi ya zamu mpaka ikachanika. Hofu yangu inakaa kwenye vidole, na Mizani haina habari na vidole.

Kuna jambo moja la dakika zile sita ambalo sijalisema. Nitalisema, lakini si hapa, kwa sababu hata siku tisa zilizofuata sikulisema.

Saa mbili na dakika ishirini namba ziliruka zote kwa pamoja. Ambakisye akapiga kelele, "Mungu wangu!" na kwa kelele hiyo Mizani ikatoa tisini na nne na king'ora kikalia. Vijiji vikapanda mlimani, hakuna aliyedhurika. Bondeni waokoaji waliovaa mitungi ya hewa walimkuta Lusajo kalalia spana yake.

*

Kamati ya kituo ikaanza kuchunguza. Mizani haikukosea, wakasema, ilipima ilichopewa. Sekela alisema mara tatu. Ambakisye alikuwa na uwezo wa kupiga, akachagua kungoja. Shauri lake likapangwa Alhamisi ya wiki iliyofuata, na akaambiwa akae nyumbani.

Mimi nikawa naenda hospitali. Nilienda mara tano. Mke wa Lusajo, Atupele, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, alikuwa kila mara anainuka kitini kunipokea. Nami nilimsalimia vizuri mno. Mgonjwa kaamkaje? Kala? Na wewe mwenyewe umekula? Sauti ikipanda pale pa kupanda. Alinishika mikono miwili akaniambia, "Ahsante, dada. Wengine wameacha kuja."

Jumapili baada ya kanisa nilikwenda kwa Ambakisye. Nilimkuta nyuma ya nyumba anatengeneza banda la sungura, misumari ameibana midomoni. Akaitema kiganjani akanisogezea ndoo nikalie.

"Usiniletee uso wa msiba," akasema. "Nimekaa na wewe miaka minne. Ulisema piga mara tatu. Nilitakiwa nikuamini wewe, nikaiamini mashine. Hiyo ni yangu, na nitaibeba."

"Siyo yako, kaka."

"Ya nani basi? Ya sungura?"

Nikamwambia. Nilimwambia nikitazama misumari, na yote yalitoka kwa mpigo mmoja: daktari, fomu, swali la kumi na moja, mapigo mia moja na kumi na nane. Alisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo kwake si la kawaida.

"Usonji," akarudia. "Kama yule mtoto wa mchungaji?"

"Yule hasemi, mimi nasema. Ni nyumba moja, vyumba tofauti."

"Kwa hiyo zile ha-ha zako asubuhi..."

"Nilizihesabu."

"Zote?"

"Zote, kaka."

Akaniangalia kwa uchungu, nikaona nimemwumiza mahali ambapo shauri halikuwa limemwumiza. "Hata kile kisa cha mbuzi kwenye kipaimara?"

"Kile nilicheka kweli."

"Afadhali," akasema. Akapigilia msumari mmoja, ukapinda, akaung'oa. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Usiwaambie."

"Kaka!"

"Nisikilize. Ipyana ana kigugumizi tu, kigugumizi jamani, na tazama walipomweka. Wewe watakuweka wapi? Mimi nina viazi, nina sungura, nina mdomo. Wakichukua cheti changu nitanuna mwezi mmoja, yaishe. Wewe ukitolewa pale ukutani utabaki na nini? Hakuna mtu mwingine ambaye angeona ile mbili juu, moja chini. Watu wa vijiji tisa wanakuhitaji pale kuliko wanavyonihitaji mimi."

Lilikuwa neno zuri, na baya zaidi ni kwamba nilikuwa nimeshajiambia vilevile kabla hajafungua mdomo. Nikakubali. Haki ya Mungu, nilikubali. Nikamshukuru kabisa, nikanyanyuka kwenye ndoo.

Mke wake alinisindikiza hadi barabarani. Akaniambia, "Ameacha kuimba. Huwa akioga anaimba hadi majirani wanalalamika. Sasa siku ya tano bafuni kimya." Akaniuliza kama najua la kufanya. Nikamjibu kwamba tumwombee.

*

Jumatano, siku moja kabla ya shauri, Mama Hidaya aliniita ofisini. Ndiye mkuu wa kituo, mwanamke mnene, mpole, aliyeanza kazi enzi za kupima gesi kwa taa, ikizimika unakimbia. Alinimiminia chai yeye mwenyewe.

"Sekela, mwanangu, sipendi kumpoteza Ambakisye," akaanza. "Nimeisikiliza ile rekodi mara nyingi. Nataka nikuulize, na unijibu kwa amani. Siku ile, ulikuwa na wasiwasi kweli? Au ulisema tu kwa tahadhari, kama tunavyofanya wote?"

Nikakitazama kikombe.

"Maana kama ulikuwa umetulia, kama Mizani inavyosema, basi Ambakisye hana kosa. Mwenzake ametulia, namba ziko ndani ya mstari, angepiga kwa lipi? Kesho ungesema hivyo tu, shauri limekwisha. Wewe hupungukiwi, naye anarudi kazini. Sikulazimishi kusema uongo, nielewe. Nakuuliza tu."

"Nimekuelewa, mama."

"Kunywa chai."

Nikainywa, na kila funda nikawa naona jinsi jambo lenyewe lilivyo jepesi. Sentensi moja tu: Sikuwa na wasiwasi mkubwa. Ambakisye anaimba bafuni, mimi nabaki ukutani, swali la kumi na moja linabaki kama nilivyolijibu. Na Mizani ingeniamini! Ushahidi wote wa kiapo kituoni hupimwa na Mizani, na shahidi naye hutegwa kwa salamu. Ningesalimia kwa sauti yangu ya jikoni kwa mama, ningedanganya kwa sauti hiyohiyo, moyo mia moja na kumi na nane mwanzo hadi mwisho, na kioo kingeandika kwamba shahidi anasema kama kawaida yake. Ni ukweli wangu tu ambao ile mashine isingeupokea.

Nyumbani nilisimama mbele ya kioo cha kabati nikafanya mazoezi. Sikuwa na wasiwasi mkubwa. Sauti ishuke kwenye "mkubwa." Nilipofika mara ya ishirini nilikuwa naisema vizuri kiasi cha kuiamini mwenyewe. Kitu kimoja kilinigomea. Kesho kutwa ningerudi kukaa mbele ya Bonde la Tatu, na mashine bado ingekuwa inanisoma kinyume, na bondeni kungekuwa na fundi mwingine aliyepiga magoti. Nilikijua hicho kitu, nikakisukuma pembeni, nikaendelea na mazoezi.

*

Shauri lilifanyika katika ukumbi wa chakula. Wajumbe watatu mezani, Mama Hidaya katikati. Ambakisye kwenye kiti peke yake, amevaa suti ya arusi yake, kifungo hakifungi. Wafanyakazi wamejaa nyuma. Atupele alikaa mstari wa mbele akiwa amekumbatia pochi.

Karani akanifunga bangili. "Shahidi, wasalimie waliopo."

Nikageuka. Nilikuwa nimeipanga: nianze na Atupele, kwa kuwa ndiye mwenye mgonjwa, kisha wazee, kisha wajumbe. Lakini Atupele aliniwahi. Akasimama kabisa, mbele ya watu wote, akasema, "Habari za toka juzi, dada? Tunakushukuru. Jana amekula uji bakuli zima."

Mdomo wangu ulikuwa tayari. Meno yalikuwa tayari. Na nikaona haya, haya ambayo sijawahi kuyaona maishani, kwamba mwanamke huyu ananipa salamu ya kweli na mimi nataka kuitumia kutegea uongo.

"Naomba nisisalimie," nikasema.

Ukumbi ukaguna. "Ebo!" mtu akasema nyuma. Mwingine akasema kiburi. Atupele alibaki amesimama, hajui akae au afanyeje.

"Sekela," Mama Hidaya akasema taratibu, "bila salamu Mizani haitegwi."

"Najua, mama. Salamu zangu ndizo zilizoipoteza."

Mjumbe mmoja alinong'ona, karani akasema anaweza kutumia salamu zangu za Jumanne ile, bado zimo. Wakakubali. Nami nikasema. Nilisema kwamba nina usonji, kwamba nimejua kwa miaka miwili, kwamba niliandika hapana mara mbili kwenye swali la kumi na moja. Kwamba kila asubuhi naipa Mizani sauti ya mtu aliyebanwa, ikaiandika kuwa ndiyo amani yangu, na siku niliyoogopa kweli ikaona nimetulia. Kwamba Ambakisye alidanganywa na kioo, na kioo kilidanganywa na mimi.

Nilipomaliza kila mtu alikuwa anatazama juu ya kichwa changu. Nikageuka nami. Kioo kilikuwa kimeandika: Uzito wa ushahidi, kumi na nne. Shahidi ametulia kuliko kawaida yake.

"Mizani inasema humaanishi unachosema," Mama Hidaya akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Ndivyo ilivyosema Jumanne ile, mama."

Ambakisye alikuwa ameinamisha kichwa, anakitikisa. "Nilimkataza," akasema kwa sauti ya chini, hakuna aliyemuuliza. "Nilimkataza, hasikii."

Mama Hidaya alinyanyuka, akazunguka meza, akanyoosha mkono. "Vua bangili, Sekela. Leo hurudi ukutani. Hata kesho sijui." Hakuwa na hasira. Ningependa awe nayo. Nikavua, nikampa, na kweli niliona kitu kimekatika ndani yangu, maana ule ukuta niliupenda kuliko nilivyopenda watu wengi.

Nikadhani imekwisha. Atupele hakuwa amekaa.

"Nina swali," akasema. "Ulijua lini?"

"Nimesema, miaka miwili, daktari..."

"Siulizi daktari. Ulijua lini kwamba mashine inakosea kwako?"

Ningeweza kumwambia nilijua baadaye, nilipofikiri. Kila mtu pale angeelewa. Yeye peke yake ndiye aliyeuliza, na yeye peke yake ndiye ambaye nisingeweza kumdanganya tena.

"Jumanne," nikasema. "Saa mbili na dakika kumi na nne. Nilisoma ile sentensi kwenye kioo nikajua imekosea na kwa nini imekosea. Nilikuwa na maneno ya kumwambia kaka Ambakisye: usiiamini, mimi nina usonji. Maneno manne. Angepiga palepale. Nikasema piga, piga, piga, badala ya hayo manne, kwa sababu chumba kile kinarekodi."

Ambakisye aliinua kichwa akanitazama. Hilo sikuwa nimemwambia Jumapili.

"Ulikuwa unachagua," Atupele akasema.

"Ndiyo."

"Mume wangu akiwa chini kule."

"Ndiyo."

Aliweka pochi kitini. Alikuwa analia lakini sauti yake haikupanda. "Umekuja mara tano. Kila mara umenisalimia vizuri. Nimewaambia ndugu zangu, yule dada ana utu. Sasa sikiliza. Msamaha leo sina, usiusubiri hapo. Na usonji mimi siujui, wala sikulaumu kwa ulivyoumbwa. Ila ukija tena kwa Lusajo, usije na ile sauti. Njoo na hii, hata kama ni kavu hivi. Yeye mwenyewe siku hizi hajui kujibu salamu, mtakaa tu."

Akawageukia wajumbe. "Na nyie zimeni hicho kioo. Aseme upya, polepole, mtu aandike kwa mkono. Nataka kila kitu kiwepo."

Wajumbe walimtazama Mama Hidaya. Mama Hidaya akamtazama karani. Karani alizima Mizani, akatafuta karatasi, ikabidi aazime kalamu kwa watu wa nyuma. Nikaanza upya toka mwanzo, nikisema mbele ya watu mia kwa sauti yangu mwenyewe, na kwa mara ya kwanza toka niajiriwe sikumtazama mtu yeyote usoni.